Maswali ya Wasomaji: Shelisheli, Visiwa Walikopelekwa Kabalega na Mwanga

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya makaburi ya kifalme ya Mparo, Hoima, na chini yake tukaandika kwamba Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro aliishi uhamishoni Shelisheli kwa zaidi ya miaka 20. Sentensi hiyo moja imetuletea barua kutoka pande mbalimbali za Uganda. Tumechagua sita na kuzijibu hapa chini; barua nyingine zilizouliza mambo yale yale zitapata majibu yake humu humu.

SWALI: Ndugu Mhariri, visiwa vyetu vya Ssese ni 84, na bado sisi ni wilaya moja tu ya Uganda. Inakuwaje Shelisheli, ambayo nasikia ni visiwa vitupu, iwe nchi kamili yenye rais na kiti Umoja wa Mataifa? Je, visiwa vyao ni vikubwa kuliko vyetu?
— Mchuuzi wa samaki, Kalangala

JIBU: Ukubwa wa ardhi sicho kilichoifanya Shelisheli kuwa dola, kwa maana ukiziunganisha ardhi zake zote hupati zaidi ya kilomita za mraba 455 hivi, yaani mara mbili na ushei ya jiji la Kampala. Kisiwa chake kikuu, Mahé, ambacho ndicho chenye mji mkuu na watu wengi, ni kidogo kuliko kisiwa chenu cha Bugala. Kinachofuata ni Praslin, halafu La Digue, ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa baiskeli na kurudi kwake kabla ya chakula cha mchana. Kwa hesabu iliyozoeleka visiwa vyote ni 115, na vingi havina mkazi hata mmoja. Idadi ya watu wa nchi nzima ni kama laki moja, na hakuna nchi ya Afrika yenye watu wachache kuliko hiyo.

Tofauti kubwa baina yenu na wao ni umbali. Kutoka Bugala unavuka kwa kivuko ukafika Bukakata siku hiyo hiyo. Mahé iko kilomita zipatazo 1,500 mashariki ya pwani ya Afrika, katikati ya Bahari ya Hindi, digrii nne na nusu kusini mwa ikweta. Umbali huo ndio ulioamua karibu kila jambo katika historia ya visiwa hivyo, na utauona ukijitokeza tena katika majibu yanayofuata. Hata leo ndio unaoipa nchi hiyo utajiri, kwa sababu sheria ya kimataifa humpa mwenye kisiwa haki juu ya bahari inayokizunguka, na kwa kuwa visiwa vya Shelisheli vimetawanyika sana, bahari yao ya kiuchumi inazidi kilomita za mraba milioni 1.3. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya Uganda nzima, pamoja na maziwa yetu. Ndimo wanamovuliwa jodari, na kiwanda cha kusindika jodari kilichopo bandarini Victoria ni miongoni mwa vikubwa duniani. Wewe mwenye kuuza sangara utaelewa upesi kuliko wasomaji wengine maana ya kuwa na maji mengi kuliko ardhi.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha kuhusu ardhi yenyewe. Visiwa vingi vilivyo mbali na bara duniani ni vya volkano au vya matumbawe, lakini Mahé, Praslin, La Digue na majirani zao ni vya mawe ya itale yenye umri wa miaka kama milioni 750. Ni kipande cha bara la kale ambalo zamani liliziunganisha Afrika, Madagaska na India. Mabara hayo yalipoachana, kipande hicho kikabaki peke yake baharini. Ndiyo maana Mahé ina milima halisi, na kilele cha Morne Seychellois kinafikia mita 905. Visiwa vya mbali zaidi, kama vile Aldabra, ni vya matumbawe, na baadhi yake haviinuki zaidi ya mita chache juu ya maji, jambo linalowatia wasiwasi watu wa huko kila bahari inapopanda.

Mji mkuu unaitwa Victoria, kwa jina la malkia yule yule ambaye jina lake Waingereza walilibandika juu ya ziwa lenu la Nalubaale.

SWALI: Wenyeji asilia wa Shelisheli ni kabila gani, na je, wanazungumza Kiswahili kama ndugu zetu wa Komoro na Zanzibar?
— Mwanafunzi wa chuo kikuu, Kampala

JIBU: Hakuna kabila la asili. Mabaharia Waarabu yaelekea walivijua visiwa hivi, Wareno waliviona mwanzoni mwa karne ya 16, na meli ya Kiingereza iliyoitwa Ascension ikatia nanga huko mwaka 1609, lakini hakuna aliyekuta mtu wala aliyebaki. Walichokuta ni kobe wakubwa, mamba na ndege. Wafaransa waliokuwa wakitawala Morisi ndio waliovitaka: Lazare Picault alitumwa kuvichunguza mwaka 1742, na mwaka 1756 Corneille Nicolas Morphey akasimika jiwe la umiliki na kuvipa jina la waziri wa fedha wa Ufaransa, Moreau de Séchelles. Waziri huyo hakuvitia machoni kamwe.

Walowezi wa kwanza walifika Agosti 1770, wakateremka katika kisiwa kidogo cha Sainte Anne mkabala na Mahé. Walikuwa 28: Wazungu 15, watumwa saba, Wahindi watano na mwanamke mmoja Mwafrika. Tangu mwanzo, basi, karibu nusu ya taifa hilo ilikuwa ya watu ambao si weupe, na muda si muda watumwa wakawa wengi kupindukia, wakiletwa kutoka Msumbiji, Madagaska na mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Walilima pamba, na baadaye minazi na mdalasini. Utumwa ulipofutwa mwaka 1835, waliopata uhuru walizidi 6,000 katika nchi ambayo mabwana zao walikuwa mamia tu.

Ukafuata mkondo mwingine ambao Waafrika Mashariki hatuukumbuki ipasavyo. Kuanzia mwaka 1861 manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini zilianza kuwateremsha Mahé watu waliookolewa, wengi wao wakiwa watoto, na katika miaka iliyofuata walifikia zaidi ya 2,000. Waliitwa watu huru, lakini hawakurudishwa kwao. Waligawiwa kwenye mashamba wakawe vibarua. Shirika la kimisionari la CMS, lile lile lililoleta Uanglikana Buganda mwaka 1877, lilifungua mwaka 1876 shule kwa ajili ya watoto wao juu ya mlima wa Mahé, mahali palipoitwa Venn's Town. Magofu yake yapo hadi leo msituni. Kwa hiyo ukimwona Mshelisheli ambaye sura yake ni ya Mmakua au Myao, huo si mfanano wa kubahatisha.

Ama lugha, Kiswahili hakikushika mizizi. Watu waliotoka makabila mengi na kulazimishwa kufanya kazi chini ya Wafaransa walijiundia Krioli, ambayo msamiati wake mwingi ni wa Kifaransa, na ambayo leo ni lugha ya taifa pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Hufundishiwa watoto katika madarasa ya mwanzo, huandikwa magazetini, na ndiyo inayosikika bungeni. Ni ushindi usio mdogo kwa lugha ambayo mabwana waliidharau, na sisi ambao tumekuwa tukibishana miaka nenda miaka rudi juu ya nafasi ya Kiswahili katika shule za Uganda tungefaa kuutazama kwa makini. Wengi wa wananchi ni Wakatoliki. Wapo pia Waanglikana, Wahindu wa asili ya Kitamil na Waislamu. Asili ya Afrika inasikika zaidi katika moutya, ngoma ya watumwa iliyochezwa usiku mbali na nyumba ya bwana, ambayo kabla ya kupigwa hupashwa moto kwanza ili ngozi ikaze. Shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, wazee wetu hapa Bunyoro husema kwamba Omukama Kabalega alipelekwa "Seseli" pamoja na Kabaka Mwanga. Wanafunzi wangu huniuliza maswali mawili: kwa nini walipelekwa mbali hivyo, na imekuwaje wafalme wa Bunyoro na Buganda, waliokuwa mahasimu, wakamatwe pamoja?
— Mwalimu wa shule ya sekondari, Hoima

JIBU: Nianze na swali la pili, kwa sababu ndilo lenye kisa. Wanafunzi wako wana haki ya kushangaa. Kabalega, aliyetawala Bunyoro tangu mwaka 1870 hivi na aliyepigana huko Masindi mwaka 1872 na Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na Misri, alikuwa mpinzani wa Buganda kwa desturi ya babu zake. Wakati wa vita vya dini huko Buganda, mwishoni mwa miaka ya 1880, alimwunga mkono Kalema, ndugu yake Mwanga aliyekalia kiti cha Kabaka, dhidi ya Mwanga. Waingereza nao, waliposhambulia Bunyoro kuanzia Desemba 1893, walikwenda na maelfu ya askari wa Buganda, na Kabalega akalazimika kuvuka Nile na kuendeleza vita vya msituni kutoka nchi ya Lango.

Mwanga alichukua njia ndefu zaidi kufikia msimamo huo huo. Alikuwa ametia saini mkataba na Lugard, kapteni Mwingereza, mwaka 1890, akashindwa katika vita vya Mengo, penye ikulu yake, mwaka 1892, akabaki kiti chake kikiwa cha jina tu. Julai 1897 akatoroka ikulu na kuinua silaha huko Buddu. Alishindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, wakamshika. Akawatoroka na hao pia, akapita mpaka kaskazini alikokuwa Kabalega. Mengo kulikuwa kumetawazwa mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Hivyo wafalme wawili ambao baba zao walivamiana kila kizazi walikutana wakiwa wakimbizi wenye adui mmoja. Walinaswa tarehe 9 Aprili 1899 huko Lango, na kikosi kilichowanasa kilikuwa na Waganda wengi chini ya Semei Kakungulu. Kabalega alipigana hadi mwisho. Alijeruhiwa mkono hata ukalazimika kukatwa.

Sasa swali la kwanza. Waingereza walikuwa wamejifunza kwamba mfalme aliyeshindwa lakini aliye karibu na watu wake hubaki kuwa mfalme. Mwanga mwenyewe alikuwa amewahi kupinduliwa mwaka 1888 na kurudi kitini. Kumuua mfalme kungemfanya shahidi. Kumfunga Kampala au hata Mombasa kungewapa wafuasi wake mahali pa kukusanyikia. Mateka hao walipelekwa pwani, kisha Kisimayu, na hatimaye Shelisheli, ambako mfungwa hakuhitaji ukuta kwani bahari ilitosha. Aliweza kutembea barabarani, kwenda kanisani, kulima bustani, lakini hakuwa na pa kutorokea.

Wala hawakuwa wa kwanza. Sultani Abdullah wa Perak, katika Malaysia ya leo, alipelekwa huko mwaka 1877. Mwaka 1900 alifika Prempeh, mfalme wa Asante katika Ghana ya leo, pamoja na mama yake na machifu wengi, na baada ya vita vya mwaka huo akafuata Yaa Asantewaa, mama mkuu aliyeongoza vita dhidi ya Waingereza, ambaye alifia huko mwaka 1921. Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti cha Zanzibar kwa muda wa siku mbili hivi mwaka 1896 mpaka ikulu ikapigwa mizinga, naye alipitishwa Shelisheli baada ya kukamatwa Dar es Salaam mwaka 1916. Baadaye wakaja Saad Zaghlul wa Misri na, mwaka 1956, Askofu Mkuu Makarios wa Kipro. Hebu wafikirie Kabalega na Prempeh wakiishi katika kisiwa kimoja chenye urefu wa kilomita 27 kwa zaidi ya miaka 20, Mnyoro na Mwasante, kila mmoja akiwa amewahi kuamuru majeshi. Ningetoa kingi kusikia walichoambiana.

Wote wawili wa kwetu walibatizwa. Mwanga akawa Danieri, jambo lenye uzito mkubwa kwa mtu ambaye amri yake ndiyo iliyowaua mashahidi wa Uganda kati ya mwaka 1885 na 1887. Kabalega akawa Yohana, kisha akajifunza kusoma. Mwanga alifariki Mei 1903 akiwa na umri wa miaka 35 hivi, na masalia yake yakarejeshwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi. Kabalega aliishi hadi akazeeka. Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi, lakini hakuiona Bunyoro, maana alifariki Aprili mwaka huo huko Mpumudde, Jinja, akiwa ameshakanyaga Uganda lakini hajavuka kwenda kwake. Ndipo mwili ukapelekwa Mparo, mpiga picha wetu alikopiga picha ile.

Ukiwafundisha wanafunzi wako habari hii, nakushauri usiishie kwa wafalme peke yao. Bunyoro aliyoikuta mwana wa Kabalega ilikuwa imepoteza watu kwa vita, njaa na maradhi, na sehemu ya ardhi yake ilikuwa imepewa Buganda. Suala la ardhi hiyo, iliyoitwa kaunti zilizopotea, lilikuja kupigiwa kura mwaka 1964, na hilo nalo ni tawi la kisa hiki hiki.

SWALI: Nikiwa jeshini miaka ya zamani tulikuwa tukisikia kwamba Watanzania waliipindua serikali ya Shelisheli, kisha mamluki wakataka kuipindua tena. Ukweli ni upi?
— Askari mstaafu, Bombo

JIBU: Mzee wangu, ulichosikia kina ukweli ndani yake, ila kinahitaji kunyoshwa. Shelisheli ilipata uhuru tarehe 29 Juni 1976, rais akiwa James Mancham na waziri mkuu akiwa France-Albert René. Mwaka haujatimia, tarehe 5 Juni 1977, Mancham akiwa London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, wafuasi wa René wapatao 60 waliteka kituo cha polisi na ghala la silaha. Wengi wao walikuwa wamepata mafunzo Tanzania, na askari wa Tanzania walikwenda baadaye kuilinda na kuifunza serikali mpya. Waliopindua, hata hivyo, walikuwa Washelisheli.

Mamluki walikuja tarehe 25 Novemba 1981. Walikuwa 44 hivi, wakiongozwa na Mike Hoare aliyejulikana tangu vita vya Kongo, wakateremka kwa ndege ya Swaziland wakijifanya chama cha wanywa bia wanaopelekea watoto yatima vitu vya kuchezea. Chini ya vitu hivyo kulikuwa na bunduki. Afisa wa forodha alipoigundua moja, mapigano yakazuka uwanjani, na mamluki wakateka ndege ya Air India iliyokuwa imetua na kukimbilia Durban. Mikono ya utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini ilionekana wazi katika njama hiyo. Mwaka uliofuata askari wa Shelisheli wenyewe waliasi, na safari hii Watanzania walisaidia kuuzima uasi huo.

René alitawala kwa chama kimoja hadi vyama vingi viliporudi na katiba mpya ya mwaka 1993, akang'atuka mwaka 2004. Alijenga shule, hospitali na nyumba kwa kiwango ambacho nchi nyingi za Afrika hazijakifikia. Pia waliokuwa wakimpinga walifungwa, walikimbia au walipotea, na tume ya ukweli imesikiliza malalamiko yao katika miaka ya karibuni. Mwaka 2020 mpinzani, Wavel Ramkalawan, ambaye ni kasisi wa Kianglikana, alishinda uchaguzi baada ya kujaribu mara nyingi, na serikali ikakabidhiwa bila risasi. Oktoba 2025 naye akashindwa na Patrick Herminie, akakabidhi vivyo hivyo.

SWALI: Je, ni kweli kwamba huko kuna nazi inayomshinda mtu mzima kuibeba, na kobe wengi kuliko watu?
— Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mbale

JIBU: Mtu mzima ataibeba, lakini atatoa jasho. Nazi hiyo, koko-de-mer, ndiyo mbegu nzito kuliko zote duniani, na moja inaweza kupita kilo 15. Humea yenyewe katika visiwa vya Praslin na Curieuse tu, na huchukua miaka sita au saba kukomaa. Kabla miti yake haijajulikana, makaka yake yaliokotwa Maldivi yakielea, watu wakaamini kwamba mnazi huo huota chini ya bahari. Kumbe huota nchi kavu, katika msitu kama ule wa Vallée de Mai huko Praslin, ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 1983.

Kuhusu kobe nako uliambiwa jambo lililo karibu na kweli. Aldabra peke yake inakadiriwa kuwa na kobe wakubwa wapatao laki moja. Walisalia kwa bahati: katika miaka ya 1960 Uingereza na Marekani zilikusudia kujenga kituo cha kijeshi hapo, wanasayansi wakapinga, na mpango ukaachwa. Watu wa visiwa vya Chagos, ambako kituo kilijengwa badala yake, hawakupata watetezi kama wale wa kobe. Walifukuzwa kwao, na baadhi yao wakaishia Shelisheli.

SWALI: Mimi na mchumba wangu tunataka kwenda huko baada ya harusi. Je, Mganda anahitaji viza?
— Bwana harusi mtarajiwa, Nansana

JIBU: Hongera. Shelisheli haimdai Mganda viza, lakini kila msafiri lazima aombe kibali cha kusafiri kupitia intaneti na kukilipia kabla ya kupanda ndege, aonyeshe tiketi ya kurudi na mahali atakapolala. Kwa kuwa mnatoka Uganda, bebeni pia kadi za chanjo ya homa ya manjano. Hoteli zile zinazoonekana kwenye matangazo ni ghali mno; zipo nyumba ndogo za wageni zinazoendeshwa na familia, hasa Praslin na La Digue, na huko ndiko mtakakopikiwa pweza wa nazi na tunda la shelisheli la kukaanga. Usafiri wa basi Mahé ni wa serikali na bei yake ni nafuu. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja.